Mwenzio Akisema Anaumwa, Msadiki



Wapendwa wanandoa, leo tuzungumze juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho. Mtu aliyevunjika mguu hubishani naye, maana plasta unaiona. Lakini je, mwenzio anayeonekana mzima, ambaye vipimo vya hospitali havionyeshi kitu, na bado anasema leo bega, kesho goti, keshokutwa kizunguzungu na tumbo?

Naanza kwa kuungama kosa langu. Mke wangu alikuwa akiketi kanisani wakati wa Injili, waamini wote wakiwa wamesimama. Mimi katekista niliona haya. Siku moja nilimwambia, "Mama watoto, unaniaibisha. Hata vikongwe wanasimama." Hakunijibu. Jumapili iliyofuata alisimama ili kunifurahisha, akaanguka kabla Padre hajamaliza kusoma.

Baadaye daktari mmoja alimwambia akunje kidole gumba kiguse mkono, anyooshe viwiko na magoti, kisha ainame aguse sakafu kwa viganja. Viungo vilikwenda mbali kupita kiasi. Akamlaza, akahesabu mapigo ya moyo, akamsimamisha dakika 10 akihesabu tena. Yaliongezeka zaidi ya 30 kwa dakika, na alikuwa amesimama tu.

Ugonjwa huo huitwa Ehlers-Danlos, kwa majina ya madaktari wawili, Mdenmaki na Mfaransa, walioueleza mwaka 1901 na 1908. Si kila mwenye viungo laini ni mgonjwa. Lakini kwa wengine, nyuzi zinazoushikilia mwili ni legevu, nazo ziko kwenye viungo, ngozi, mishipa ya damu na hata utumbo. Ndiyo maana maradhi huandamana: viungo huteguka, moyo huenda mbio mtu akisimama, tumbo husumbua, na uchovu hauishi kwa kulala. Mara nyingi hufuata ukoo. Si uchawi, wala si laana. Na aina yake iliyo ya kawaida zaidi haina kipimo cha damu cha kuithibitisha hadi leo. Basi kusema "hospitali hawakuona kitu" si kusema mtu haumwi.

Nilimwomba mke wangu msamaha. Alisema maumivu ameyazoea. Lililomchosha ni mimi kutomsadiki.

Ndugu zangu, mbele ya altare tuliahidi kupendana katika afya na katika ugonjwa. Hatukusema ugonjwa wenye cheti cha daktari. Simoni wa Kirene hakuupima kwanza msalaba aone kama kweli ni mzito. Aliweka bega lake.

Wewe bwana, mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Bega linaloteguka haliwezi mzigo huo, uchukue wewe. Majirani wakisema umelishwa dawa, waache waseme. Mletee kigoda jikoni apike akiwa ameketi. Usimpeleke kwa mkandaji avute viungo. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haipo, lakini mazoezi ya polepole ya kuimarisha misuli husaidia, na wengine daktari huwashauri kuongeza maji na chumvi. Msiongeze chumvi bila kumwuliza. Katika tendo la ndoa pia, uliza kwanza anaumwa wapi. Kuogopa maumivu si kukukataa wewe.

Nawe mama ambaye mumeo ndiye mgonjwa, usimwite mvivu mbele ya watoto. Mwanamume akishindwa kushika jembe, tayari ameona aibu ya kutosha.

Nawe unayeumwa, sema mapema, usingoje mpaka uanguke. Kumficha mwenzio si kumhurumia. Ni kumnyima nafasi ya kutimiza ahadi yake. Tena zungumza na Padre juu ya Mpako wa Wagonjwa. Sakramenti hiyo si ya wanaokata roho tu. Mwenye ugonjwa mzito wa kudumu naye huweza kuipokea, na hali ikizidi huweza kuipokea tena.

Usiku wa leo, watoto wakilala, mwulize mwenzio: "Leo umeumwa wapi?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mimi nilichelewa miaka mingi kuuliza swali hilo. Wewe usichelewe.

Mungu azibariki ndoa zenu.