157

Binamu yangu anaishi Dallas, Marekani, na anataka kuwa wakili. Anajiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria kule. Alama huanzia 120 hadi 180. Yeye anatafuta 165. Kila Jumamosi anafanya mtihani wa mazoezi, kisha ananitumia namba tu, bila hata salamu. 158. 161.

Juzi ikaja 157, na swali: "Cuzo, kwani mimi ni mjinga?"

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sijui mbona ananiuliza mimi. Au labda ndio maana.

Nilimwambia hivi. Kwenye matokeo rasmi, wenye mtihani huweka kando ya namba kiwango cha chini na cha juu, manake wanajua kipimo chao hutikisika. Tena, kwa miaka mingi walipima watu kwa mafumbo ya mantiki. Agosti 2024 wakayaondoa, baada ya kesi ya watahiniwa wasioona, ambao hawangeweza kuchora michoro ya kuyatatua. Sasa waliofelishwa na mafumbo hayo tuwaiteje?

Lakini sikumdanganya. Namba hufungua milango, na huleta ufadhili. Kusema si kitu ni rahisi kwangu, mimi nisiyelipa karo. Inaweza kuamua atasomea wapi. Kama ana akili au hana, hilo haikuulizwa.

Jumamosi akaandika: "Mambo cuzo? 159. Nimeharibu ufahamu, kesho narudia."

Nilifurahia hilo "mambo" kuliko namba.