Dhima ya Mwenye Kusikiliza

Msimu wa arusi ukiwadia katika miji yetu ya pwani, suala moja hurudi barazani: je, taarabu, ngoma na michezo ya kuigiza ni halali au ni haramu? Wako wasemao kuwa yote hayo ni upuuzi wa shetani, na wako wasemao kuwa ni ada za wazee, hazina dhara. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamesimama mlangoni pa suala, hayajaingia ndani.

Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba siku ya Idi vijana wawili wa kike waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha (R.A.). Sayyidna Abubakar (R.A.) alipowakemea, Mtume (S.A.W.) alimwambia awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao. Wala hatufichi kwamba maulamaa wengi wameziharimisha ala za muziki, kwa hadithi iliyomo katika kitabu hicho hicho. Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihyaa aliandika mlango mzima juu ya kusikiliza, akabainisha kuwa sauti huyatikisa yaliyomo moyoni. Basi na tujiulize: mioyoni mwetu mna nini cha kutikiswa?

Tutwae mfano wa karibu. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, alitoka katika watu wanyonge, akaimba kwa Kiswahili kinachofahamiwa na watu wote. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika sahani za santuri. Mmoja katika nyimbo zake, “Kijiti”, wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuliondoa ovu kwa mkono, na asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo. Je, mwanamke yule hakuutumia ulimi wake, hali wakubwa wengi walinyamaza?

Na mwaka 1977, huko Kamirithu karibu na Limuru, wakulima na wafanya kazi waliigiza “Ngaahika Ndeenda”, mchezo juu ya maskini aliyenyang’anywa ardhi yake. Serikali iliuzuia, na Ngũgĩ wa Thiong’o, mmoja wa watungaji wake wawili, akatiwa kizuizini pasi na kushitakiwa. Waigizaji wale si wa dini yetu. Lakini habari ya kupokonywa ardhi, ni nani pwani asiyeijua?

Ama nyimbo za kutukanana na kufichuana aibu, na arusi za kujionyesha zinazowaachia wazazi madeni, hizo twazikataa, na kuzikataa kwake hakuhitaji hoja ndefu.

Linalotutia hofu zaidi ni hili. Mwimbaji huimba habari ya mjane aliyedhulumiwa, watu wakainuka kumtuza, wengine machozi yakawatoka. Kunapokucha, mjane wa kweli, jirani yao, yu kizingitini akiomba mtu wa kufuatana naye kwa kadhi, wala hapati. Noti za usiku ule zilimfaa nini? Aliyesikia amekwisha kujua, na aliyekwisha kujua hana udhuru mbele ya Mola wake.

Wala sisi wenye vilemba hatumo nje ya lawama hii. Ni mara ngapi tumeikemea ngoma juu ya mimbari, tukanyamazia mali ya yatima inayoliwa katika mtaa ule ule? Sauti ya tari imetukosesha usingizi. Kilio cha yatima hakikutuamsha.

Kwa hivyo, ndugu zetu, asiyependa kusikiliza na asisikilize, wala asilazimishwe. Na aliyesikiliza habari ya dhulma, iwe kwa wimbo, kwa mchezo au kwa hotuba, naye ajue ameitwa ushahidini. Kabla ya Ijumaa ijayo na amwendee yule aliyemkumbuka aliposikia, amuulize haja yake.

Wabillahi tawfiq.