"Sina Kazi, Nalima Tu"

Nenda Ifakara msimu wa mpunga, umuulize mtu anafanya kazi gani. Wengi watakujibu: "Sina kazi, nalima tu." Huyo amepanda, amepalilia, na sasa anashinda shambani kutwa nzima akifukuza ndege. Hilo "tu" ndilo linaloniuma.

Kiswahili kina maneno mawili hapa. Kazi ni kile unachokifanya. Ajira ni makubaliano yako na anayekulipa. Neno lenyewe ni la Kiarabu, ndugu wa ujira. Mama anayepalilia jaruba lake ana kazi ila hana ajira. Na sote tunamjua mtu ofisini mwenye ajira ambaye kazi haionekani.

Kuyachanganya kuna gharama. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi. Watu walikamatwa kwenye mitaa ya Dar es Salaam, wakaitwa wazururaji, wakarudishwa vijijini kulima. Wamo wachuuzi waliokuwa wakihangaika juani kila siku. Kazi walikuwa nayo. Walichokosa ni karatasi ya kuonyesha nani kawaajiri. Halafu soma Katiba yetu, ibara ya 25: kinachotajwa kuwa kipimo cha utu ni kazi. Ajira haimo kwenye kipimo hicho.

Lakini tusiishie kuisifu kazi. "Vijana acheni kusubiri ajira, kazi zipo" ni maneno rahisi kwa msemaji mwenye mshahara na bima. Ajira inabeba madai: mkataba, likizo, mafao ya uzeeni. Mkata miwa kule Kidatu akijikata mguu kwa panga, hakuna atakayebisha kwamba alikuwa anafanya kazi. Ubishi utakuwa juu ya nani alimwajiri, maana matibabu na fidia yake vinategemea hilo. Hata neno kibarua asili yake ni barua ndogo, kikaratasi cha mtu wa kutwa. Kesho yake hakina maana.

Kwa hiyo mimi nayataka maneno yote mawili, kila moja mahali pake. Mkulima wa Ifakara aseme ana kazi bila kungoja barua ya mtu. Na anayewatumikisha wenzake msimu mzima asituambie kwamba "amewapa kazi", halafu tusimuulize habari ya ajira.