Kwao ni Wapi? Mgeni Asiyepewa Jembe

Kiswahili kina maswali mawili ambayo wageni wa lugha hii huyadhania kuwa moja. "Unakaa wapi?" ni swali la anwani, na watoto wetu wa hapa Washington na vitongoji vyake hulijibu bila kufikiri: Silver Spring, Hyattsville, Alexandria, Woodbridge. "Kwenu wapi?" ni swali jingine kabisa. Likiulizwa na mzee katika sherehe ya kipaimara au katika maulidi, kijana huwatazama kwanza wazazi wake, kana kwamba jibu wamelitia mfukoni. Akisema Maryland, wazee hucheka. Akisema Tanzania au Kenya, huongezewa swali la mkoa, kisha la kijiji, na hapo ndipo anapokwama.

Swali hili tunaliuliza kwa wepesi, lakini si jepesi. Ni nani hasa mwenye kwao? Je, kwao hurithiwa kama sura, husomwa kama somo la darasani, au hupatikana kwa njia nyingine?

Tuanze na lugha yenyewe. Mtu anayezungumzia nyumba anayoilipia husema "kwangu". Lakini akitaja mahali pa asili yake, hata kama yuko peke yake, husema "kwetu". Kiswahili hakimruhusu mtu kuwa na asili akiwa mmoja. Neno lenyewe ni la wingi, na linadai kuwepo kwa watu wengine wanaokubali kwamba huyu ni mwenzao. Kwa hiyo kijana hawezi kulijibu swali hilo kwa kuitazama ramani, wala kwa kuuchunguza moyo wake tu. Sehemu ya jibu tunayo sisi.

Serikali hujibu kwa karatasi. Watoto wetu waliozaliwa hapa ni raia wa Marekani kwa msingi wa Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, ya mwaka 1868. Tanzania, kwa Sheria ya Uraia ya 1995, humtambua mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa ughaibuni, lakini akifika umri wa miaka 18 na uraia wa nchi nyingine, hupoteza ule wa Tanzania asipoukana huo mwingine. Uganda iliufungua mlango wa uraia pacha kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, na Kenya kwa Katiba mpya ya 2010. Basi wachukue vijana wawili wa darasa moja huko Montgomery, mmoja mwana wa Mkenya, mwingine mwana wa Mtanzania. Siku wanapotimiza miaka 18 mmoja hubaki na nchi mbili na mwingine hupungukiwa na moja, ingawa usiku ule hakuna kati yao aliyebadilika tabia, wala upendo, wala kumbukumbu. Karatasi zina umuhimu wake, hasa kwenye ardhi na mirathi, lakini hazitoshi kutuambia mtu ni wa nani.

Karatasi zikishindwa, jumuiya zetu hukimbilia utamaduni. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na katika sikukuu za uhuru, watoto huvishwa kanga na vitenge, huimba, hupigiwa makofi na kupigwa picha. Kisha hurudi kwenye meza yao na simu zao, na wazee huendelea na kikao. Hatuyadharau mambo hayo. Lakini aliyepandishwa jukwaani kuonyesha utamaduni ni mtumbuizaji, na mtumbuizaji akimaliza hushuka.

Akikosea salamu hukumbushwa kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli, ila itumiwe kwa haki. Kukataa ni kitendo cha mtu aliyepewa. Huwezi kumlaumu mtu kwa kukataa chakula ambacho hakijawekwa mbele yake. Walioondoka Moshi, Pemba au Kisumu ni sisi, kwa miguu yetu na kwa sababu tulizoziona kuwa nzuri. Mtoto aliyezaliwa Takoma Park hajaondoka popote.

Iko methali nyingine ambayo tunadhani inatufaa zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia kwa mzaha, kumkebehi mgeni aliyezidisha kukaa. Tukiitafakari, jembe halimfukuzi mgeni, bali humgeuza kuwa mwenyeji. Asiye na jembe hula na kusifiwa, au hula na kusengenywa, lakini hana neno juu ya shamba. Aliyepewa jembe huanza kuuliza mpaka uko wapi, mwaka huu tupande nini, na mvua ikichelewa tutafanyaje. Njaa ikija ni yake, na mavuno yakija hakuna wa kumwambia ashukuru kwa kukaribishwa.

Basi hili ndilo jibu tunaloliweka mbele yenu. Kwao mtu ni pale ambapo asipokuwepo kuna kazi inayolala. Sisi wa fani ya ujenzi tunaona hivyo kila siku: nguzo ni ile inayobeba mzigo, isiyobeba chochote ni pambo, na ikiondolewa nyumba haitikisiki. Watoto wetu wengi wana miaka ishirini katika jumuiya hii, na hawajaiona siku ya tatu.

Ushahidi kwamba jembe huweza kufanya kazi ambayo damu na karatasi hazikuifanya tunao. Robert Moses alizaliwa Harlem mwaka 1935, na alijulikana kwa kazi ya kuwaandikisha wapiga kura weusi huko Mississippi miaka ya 1960. Mwaka 1969 alikwenda Tanzania, na hadi 1976 alifundisha hisabati Same, Kilimanjaro. Hakuwa na mjomba Same, wala hakuzaliwa na lugha yetu. Alipewa chaki. Aliporudi Marekani alianzisha mwaka 1982 mradi wake wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini. Miaka ile ile, hapa Washington, vijana waliotoka katika harakati hizo walifungua mwaka 1968 duka la vitabu la Drum and Spear, na baadhi yao walishiriki kuandaa Kongamano la Sita la Umoja wa Afrika lililofanyika Dar es Salaam mwaka 1974. Watu hao hawakungoja kuulizwa kijiji chao. Walipewa kazi, nao wakaishika.

Wenzetu hao pia ndio waliowapokea watoto wetu. Mtaani na shuleni kijana wetu huonekana mweusi kabla hajaulizwa baba yake anatoka wapi. Mwaka 2020, baada ya kuuawa kwa George Floyd, vijana wa kila asili walijaa barabara ya 16 karibu na Ikulu, ambako mji uliandika kwa rangi ya njano maneno ya kuthamini maisha ya watu weusi, maandishi yaliyokuja kuondolewa mwaka 2025. Wapo wazazi waliosema hayo si mambo yetu. Lakini pale kijana alikabidhiwa kitu: maji ya kugawa, bango la kushika, mwenzake wa kumlinda. Alirudi nyumbani akisema "sisi". Mzazi akishangaa "sisi" hiyo ameitoa wapi, ajiulize katika kikao chetu mtoto yule ameshika nini.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Jumuiya zetu za Washington, Maryland na Virginia zina chombo kimoja ambacho hakijashindwa, nacho ni msiba. Mtu akifariki usiku, asubuhi kundi la WhatsApp limekwisha kuundwa, mweka hazina ametajwa, kina mama wamegawana sufuria, na nyumba ya wafiwa imejaa watu ambao jana walikuwa hawasalimiani. Akiwa Mwislamu, mara nyingi huzikwa hapa hapa bila kukawia. Akiwa Mkristo, mara nyingi huchangwa maelfu ya dola ili mwili uende ukazikwe nyumbani. Hatujui shughuli nyingine inayoudhihirisha utu wetu kuliko hii.

Lakini waangalieni vijana wako wapi. Wanapanga viti, wanaelekeza magari, kisha wamekaa kwenye ngazi wakingoja kuambiwa tunaondoka. Katika orodha ya michango limeandikwa jina la baba, pengine "na familia". Binti muuguzi mwenye mshahara wake mwenyewe yumo ndani ya hilo "na familia". Hakuna aliyemwomba dola ishirini, na hakuna aliyemwuliza rai yake. Anaonewa huruma kama mtoto, na huruma hiyo inamweka nje.

Waliojenga desturi hii sasa wanazeeka, na siku si nyingi orodha zitaandikwa kwa ajili yao. Nani atashika daftari? Na mwili uende wapi? Mchaga huzikwa katika kihamba, chini ya migomba ya baba zake, na makaburi yale ndiyo hati ya familia kuwa na pale. Mzazi akizikwa Marangu, mwanawe anayeishi Bowie atalifikia kaburi mara ngapi maishani? Akizikwa Maryland, ndugu zake watasema ametupwa. Pande zote mbili zina haki, na ndiyo maana jambo linauma.

Kenya iliyaona haya mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa juu ya tofauti ile ile ya "kwangu" na "kwetu": mtu anaweza kuwa na nyumba mjini, lakini kwao ni wapi? Mahakama iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Sheria ilimaliza kesi, haikumaliza uchungu. Tunachojifunza sisi ni kwamba swali la kaburi lisipoulizwa katika uhai, huulizwa juu ya maiti, na wakati huo hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Hapa kwetu swali hilo huzungumzwa na wazee peke yao, kwa simu, na kaka zao walioko nyumbani. Wale watakaobaki na kaburi, au na nauli ya kulifikia, hawamo katika mazungumzo. Hapo ndipo jembe linapotakiwa.

Wako watakaosema: utampaje jembe asiyejua lugha? Kiswahili chake kinaishia kwenye shikamoo. Tunajibu kwamba wengi wetu wenyewe Kiswahili hatukukinyonya kwa mama. Nyumbani tulisema Kichaga, Kihaya au Kiluo. Kiswahili tulikipata shuleni, sokoni na katika Jeshi la Kujenga Taifa, pale tulipokihitaji ili kufanya jambo na watu wasio wa kabila letu. Kazi ilitangulia na lugha ikafuata. Kijana aliyekabidhiwa kumpigia shangazi yake Moshi na kumweleza ndege itatua saa ngapi atayatafuta maneno, na hatayasahau.

Wengine watasema tunawatwika vijana mzigo wa michango ambao hawakuuomba. Hofu hiyo ni ya haki. Kumpa mtu kazi bila sauti ni utumwa, hata kama tumeupamba kwa jina la mila. Jembe huenda pamoja na neno juu ya shamba. Anayetoa aone daftari, na anayeona daftari apige kura.

Na hapo iko gharama upande wetu, tusiifiche. Aliyepewa jembe hulima kwa mkono wake. Huenda kumbukumbu za kikao zikaandikwa kwa Kiingereza. Huenda wakamwalika rafiki wa El Salvador au wa Ethiopia waliyekua naye, wakamwita jamaa. Huenda wakapendekeza tuwe na bima ya mazishi badala ya kuchangishana kila mara, au wakaamua mama yao alale Maryland, ili wajukuu wake wapeleke maua siku ya Jumapili. Anayetaka warithi waliofanana naye kwa kila kitu hataki warithi, anataka kioo.

Tunapendekeza mambo matatu, yote madogo. Katika kikao kijacho, nafasi ya mweka hazina au ya katibu ishikwe na mtu aliyezaliwa au kukulia hapa, na mzee akae karibu kumsaidia, si kumsimamia. Orodha ya michango iandike jina la kila mwenye kipato kwa jina lake. Na kila mzazi awakalishe wanawe angali mzima, awaambie anatamani kuzikwa wapi na kwa nini, kisha awaulize wao wanaonaje, na anyamaze mpaka wamalize kusema.