Dakika 36 Bila Mpira

Kijana wa Bariadi, hebu tupige hesabu ndogo. Mechi ya mpira wa kikapu kwa kanuni za kimataifa ina dakika 40. Uwanjani wamo wachezaji 10, watano kwa watano, na mpira ni mmoja tu. Ukiugawa sawasawa, kila mmoja anakaa nao dakika nne, na hapo hatujatoa muda ambao mpira uko hewani. Dakika 36 zilizobaki huna kitu mkononi. Hizo ndizo anazozitazama kocha anapoamua nani ataanza mechi ijayo.

Nakuuliza basi: katika dakika hizo 36, wewe ni nani?

Mwangalie kijana anayejua kukaba. Magoti ameyakunja, makalio kayashusha, viganja viko wazi, anasogea ubavuubavu bila kupishanisha miguu, kwa sababu akiipishanisha tu kapitwa. Mpira unapotupwa golini, wote wanakodolea rimu. Yeye kwanza anamtafuta mtu wake, anampa mgongo, anamzibia njia, ndipo anainua macho. Ribaundi inadakwa na mwenzake aliyekuwa karibu, na kelele zote za jukwaani zinakwenda kwa huyo mwenzake. Kwenye karatasi ya takwimu jina la mkabaji halimo. Lakini ondoa ule mgongo, uone mpira unaangukia kwa nani.

Sisi Wasukuma jambo hili hutuwia gumu, tusifichane. Tumekulia kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, ambako pande mbili hucheza ngoma kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Siubezi utamaduni huo. Mcheza ngoma aliyeiva ni msanii kamili na hakufika pale kwa bahati. Ila umetuachia kasumba moja, kwamba kazi isiyo na watazamaji si kazi. Kwenye kikapu, ngosha, hata uwanja mzima ukikushangilia kwa chenga zako, ubao wa matokeo hausogei kwa makofi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo. Desemba 1891, mwalimu James Naismith alitundika makapu mawili ya matunda katika ukumbi wa mazoezi mjini Springfield, Marekani, akaandika kanuni 13. Mojawapo ilimkataza mchezaji kukimbia na mpira: ukiudaka, uutupe kutoka palepale ulipoudakia. Kuudunda huku ukikata watu, ambako leo kila mtoto anakuiga kwanza, kulikuja baadaye. Mwanzo kulikuwa na pasi, na watu wanaohangaika kutafuta nafasi ili wapewe hiyo pasi.

Utaniambia: haya ni maneno, mimi ni mfupi, nipo Simiyu, kikapu ni cha watu wa Dar es Salaam. Haya, tumchukue Mtanzania mrefu kuliko wote waliowahi kuushika mpira huo. Hasheem Thabeet ana urefu wa takriban sentimita 221. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na hakuanza kikapu utotoni. Alianza akiwa na miaka kama 15, umri ambao wengi wenu mko kidato cha pili au cha tatu. Akasoma Makongo, akavuka hadi Chuo Kikuu cha Connecticut. Kule jina lake halikujengwa kwa kufunga. Lilijengwa kwa kuzuia. Januari 2009, dhidi ya Providence, alifikisha tarakimu mbili katika safu tatu: pointi 15, ribaundi 11, na mitupo 10 ya wapinzani aliyoizuia. Hebu ifikirie hiyo 10 ya mwisho. Mara kumi mtu ameruka akiamini anafunga, na mara kumi mkono wa kijana wa Kitanzania umefika kabla.

Juni 2009 timu za NBA zilipokutana New York kuchagua wachezaji wapya, Thabeet alichaguliwa wa pili katika orodha nzima, na Memphis Grizzlies. James Harden alifuata nafasi ya tatu. Stephen Curry aliitwa wa saba. Nchi yetu ilikuwa haijawahi kuwa na mtu katika ligi ile, na wa kwanza akaingia kupitia mlango wa mbele.

Hapa ndipo wahamasishaji wengi hufunga kitabu na kuomba makofi. Mimi naona somo linaanzia hapa. Mambo hayakumnyookea. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha akacheze ligi ya chini, Dakota Wizards, na hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu hivyo kisha akapelekwa huko kabla yake. Akahamishiwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Wastani wake katika NBA uliishia kwenye pointi 2.2 kwa mchezo. Magazeti ya Marekani yakamweka kwenye orodha za waliochaguliwa vibaya, na hata hapa kwetu vijiweni watu ambao hawajawahi kugusa rimu walimcheka.

Urefu wote ule haukumkinga. Basi wewe unayelilia urefu, unalilia kitu ambacho hata mwenye nacho hakikumtosha.

Lakini angalia alichofanya dakika zake bila mpira zilipogeuka kuwa miaka. Hakukaa mtaani kusimulia siku aliyoitwa wa pili. Alikwenda Japani akacheza Yokohama. Alirudi kwenye ligi ya chini Marekani, akiwa amevuka miaka 30, kugombea nafasi na vijana wa miaka 22. Akaenda Taiwan. Na mwaka 2025, akiwa na miaka 38, alivaa jezi ya Dar City, timu ya nyumbani. Mtu aliyekuwa akifuata makofi tu angeacha zamani sana. Anayeendelea kufunga kamba za viatu baada ya makofi kunyamaza ana jambo lingine linalomwamsha asubuhi. Jambo hilo, mdogo wangu, ndilo ninalotaka ulitafute kabla hujatafuta umaarufu.

Na wala huhitaji kwenda mbali kulielewa. Mkulima wa pamba wa Maswa au Itilima anaishi ndani yake. Soko hufunguliwa Mei, fedha anaishika kwa wiki chache. Mwaka uliobaki anaandaa shamba, anapanda Novemba na Desemba kwa mistari, anapunguza miche, anapalilia, anapiga dawa, anachuma, anatenga pamba safi na pamba fifi. Akishauza, bado anatakiwa ang'oe na kuchoma masalia ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Kuchoma masalia hakulipwi hata shilingi. Asiyechoma hatagundulika leo. Atagundulika mwakani, na pengine atakayeumia ni jirani yake.

Tunawajua pia wanaonyunyizia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili mzani uwapendelee. Ndugu zao katika michezo ni wale wanaoingiza mamluki kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari: wanamvalisha sare ya shule jamaa aliyemaliza zamani, mwenye ndevu, ili kombe lije nyumbani. Kombe linakuja kweli. Lakini yuko mwanafunzi halali aliyekaa benchi akijifunza kwamba mazoezi yake ya saa kumi na moja alfajiri hayana maana mbele ya ujanja wa wakubwa. Nahodha mwenye msimamo anaweza kukataa. Timu nzima inaweza kukataa: heri tupigwe pointi 20 tukiwa sisi. Ukiweza kulisema hilo mbele ya mwalimu wa michezo ukiwa na miaka 17, utaweza kulisema mbele ya karani wa mizani ukiwa na miaka 40.

Kwa hiyo amkeni. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012, ni mdogo kwa umri kuliko wengi wenu, na mambo yake mengi bado hayajapata mwenyewe. Kikapu ni mojawapo. Msingoje mfadhili. Kamuoneni mkuu wa shule mkiwa kumi, wavulana na mabinti, mumwombe kipande cha uwanja na mumwambie nani atakifagia siku gani. Fundi wa mageti hapo mjini anaweza kukunja nondo ikawa rimu. Mwambieni kipenyo cha ndani kiwe sentimita 45, na itundikwe mita 3.05 kutoka chini, mpime wenyewe kwa futi ya kamba msije mkajidanganya. Mstari wa mitupo huru uchoreni kwa majivu, mita 4.6 kutoka usawa wa ubao.

Wiki ya kwanza msiuguse mpira kabisa. Fanyeni kukaba: magoti chini, ubavuubavu, kutoka mstari hadi mstari, mapaja yawake moto. Watakaoacha wataacha siku ya pili, na msiwabembeleze. Watakaobaki, hata wakiwa sita, wapangeni wawili wawili, mmoja ashambulie na mwenzake amkabe, kisha wabadilishane. Jumatatu ya pili ndipo mlete mpira, na awe wa kwanza kuushika yule aliyefagia uwanja wiki nzima bila kuambiwa.