Jembe la Mgeni

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hupita Nanganga, katika bonde la Lukuledi. Popote atuapo huulizwa, "Kwenu wapi?" Swali hili ni la adabu, wala hatulilaumu. Lakini tukiisha kulijua jibu, mara nyingi twamhesabu kuwa mtu wa kuja, na jina hilo hurithiwa na watoto wake. Je, ni haki?

Tukumbuke jinsi mji wa Wakristo wa Masasi ulivyoanza. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kukataza biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa U.M.C.A. alitoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Walikusudia kwenda upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi ni njema, wakakaa. Hawakuwa wa kabila moja. Walijenga, wakalima. Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliushambulia mji huo, na wengine wakachukuliwa mateka. Hata hivyo Masasi iliinuka tena.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Twapenda kulitumia neno hili kumhimiza mgeni afanye kazi. Lakini je, ampaye jembe hapaswi kumwonyesha na shamba? Mtumwa naye alipewa jembe. Tofauti yake na mtu huru ni haya mawili: nani hula mavuno, na nani husikiwa barazani. Basi tukimwita jirani msibani na kwenye kazi za mtaa, kisha tukamnyamazisha penye shauri kwa kuwa babu yake hakuzikwa hapa, tumempa jembe la mtumwa.

Labda mtu atasema, "Wenyeji nao wana haki, nchi waliipokea kwa wazee wao." Ni kweli, na mgeni yampasa kuwaheshimu. Lakini wazee wa Wamakua, Wayao na Wamakonde wengi wa huku nao walivuka Ruvuma wakitoka kusini. Wote walikuwa wageni siku moja.

Kwa hiyo urithi wa mtaa si nyumba za kale na makaburi tu, bali ni desturi ya kumhesabu kila aliye kati yetu. Ndugu mwalimu, utakapoitisha baraza, mtazame yeye akaaye nyuma kimya, ukamwulize shauri lake.