Mabati Manane

Masika yakianza chini ya Mlima Meru, dhoruba yaweza kuezua nyumba Ngaramtoni au Tengeru kwa usiku mmoja. Aliyekata bima na asome hati yake kama yataja dhoruba, aiarifu kampuni upesi, apige picha kabla ya matengenezo. Akidhulumiwa, Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo.

Lakini twasikia mashauri ya hila: yameruka mabati manane, andika ishirini, hata yaliyoliwa na kutu tangu zamani, usingizie upepo. Huko ni kuvunja amri ya saba na ya nane kwa kalamu moja. Fedha ya bima ni michango ya wengi, jirani zetu wakiwamo.

Tena yuko mjane asiye na bima, alalaye chini ya turubai. Jumuiya yake imempelekea hata misumari?